Nusu ya Somo la Twiga

Hadi leo nikiona picha ya twiga kwenye kalenda nakasirika. Watoto wangu hunicheka. Wanauliza, Mama, mnyama wa watu amekukosea nini? Twiga hajanikosea kitu. Walionikosea ni mwalimu mmoja wa biolojia na baba yangu mzazi, na kuna mtu wa tatu ambaye nitamfikia, maana huyo ndiye ninayemkasirikia kuliko wote.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa Fomu Foo, mwaka wa mwisho, katika shule ya kutwa ya harambee huku kwetu Bomet, shule yenye madarasa manne, choo kimoja kilichotitia, na vitabu vitatu vya biolojia kwa darasa zima. Asubuhi kabla ya kwenda shule nilichuma majani chai pamoja na Kogo, na jioni nilimsaidia kubeba kapu hadi kituo cha kununulia majani. Kogo ni nyanya, mama yake baba. Yeye ndiye aliyenilea. Mama yangu alikuwa mtu wa kuugua-ugua, na Baba alikuwa mtu wa kanisa. Wa nyumbani alikuwa Kogo.

Sasa lazima nieleze masikio ya Kogo, kwa sababu mambo yote yalikuwa juu ya hayo. Alipokuwa msichana walimtoboa ndewe, ile nyama laini ya chini ya sikio, wakatia kijiti, kisha kijiti kikubwa zaidi, mwaka baada ya mwaka, hadi zikaning'inia karibu na mabega. Ndivyo wasichana wa rika lake walivyofanywa, na wavulana pia. Walimng'oa na meno mawili ya chini ya mbele, ili siku ugonjwa ukimfunga taya aweze kunyweshwa maziwa kwenye lile pengo. Alisema siku hizo mwanamke ambaye ndewe yake imekatika aliona haya kwenda hata mtoni. Tukichuma chai alizikunja ndewe zake juu ya sikio zisinaswe na matawi. Ugoro wake aliuweka katika kile kikopo cheusi cha filamu ya kamera, na kikopo akakivaa ndani ya ndewe ya kushoto. Akitaka kunusa, mkono ulipanda wenyewe bila yeye kutazama.

Baba aliyachukia masikio hayo. Wazee wenzake wa kanisa walikuwa wameshawapeleka mama zao hospitali ya misheni, ndewe zikakatwa na kushonwa, wakatoka na masikio ya kawaida. Kanisa letu jipya la mawe lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Siku hiyo wazee wangesimama mbele na familia zao. Kwa miaka miwili Baba alikuwa akimwambia Kogo twende ukashonwe, na kwa miaka miwili Kogo alimjibu, "Masikio yangu yamekula nini chako?" Mazungumzo yaliishia hapo kila mara.

Basi Jumanne moja mwalimu wa biolojia akaingia na chaki mbili. Alikuwa mtu wa huku huku, amezaliwa ng'ambo ya mto wetu, mwenye shamba la chai na ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu. Alichora twiga wawili ubaoni. Wa kwanza alikuwa na shingo fupi kama mbuzi. Wa pili alikuwa na shingo ndefu mpaka nafasi ya kichwa ikakosekana, akalazimika kukichora kikiwa kimeinama. Akasema hapo zamani, kabla watu hawajajua mambo ya urithi, kulikuwa na Mfaransa mmoja aliyetaka kueleza viumbe wanabadilika vipi. Huyo Mfaransa alisema kiungo kinachotumiwa sana hukua na kisichotumiwa hunywea, na kwamba yale mwili wa mzazi uliyoyapata maishani huyapitisha kwa watoto wake. Twiga wa kwanza alijinyoosha kufikia majani ya juu, shingo ikarefuka kidogo. Akazaa mtoto ambaye shingo yake ilianza pale ya mama ilipofika. Huyo naye akajinyoosha. Mambo yakaenda hivyo hivyo mpaka akapatikana twiga tunayemjua.

Nilipenda. Nisidanganye, nilipenda sana. Katika miaka minne lilikuwa somo la kwanza la sayansi nililolielewa bila kukariri.

Katikati ya somo mkewe mwalimu akafika dirishani akihema. Ng'ombe wao alikuwa akitaka dume tangu alfajiri, na yule mtu wa kupandisha ng'ombe kwa sindano alikuwa ameonekana barabarani na pikipiki yake. Mwalimu akatupa chaki, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Hii ni nusu," akasema. "Nusu ile ingine Jumanne. Someni." Kisha akakimbia. Ebu niambie, tusome nini, na vile vitabu vitatu alikuwa amevifungia kabatini, na ufunguo uko kwenye mfuko wa hiyo suruali? Neno "nusu" nililisikia vizuri. Sikulishika.

Nilifika nyumbani nimejaa kichwa. Mdogo wangu, aliyekuwa darasa la pili, alikuwa amekaa mlangoni pa jiko la Kogo analia. Meno yake mawili ya chini ya mbele yalikuwa yameng'oka mwaka mzima na zaidi, na mengine hayakuwa yameota. Wenzake walimwita kibogoyo. Siku hiyo walikuwa wamembadilishia jina, wakamwita Kogo mdogo. Mama, ambaye alikuwa na mimba ya miezi saba, alikuwa akimbembeleza. Baba ndiyo kwanza ameingia kutoka kwenye ujenzi wa kanisa, anakunywa chai. Kogo alikuwa anasugua kibuyu cha maziwa kwa mkaa wa mti. Watu wote niliowapenda duniani walikuwa wamekusanyika pale, na mimi mpumbavu nikafungua mdomo.

"Baba, leo tumefundishwa ni kwa nini viumbe wako hivi walivyo."

Baba hakupenda biolojia. Aliiita somo la nyani. Akaweka kikombe chini. "Ni ya nyani hiyo?"

"Hapana Baba, ni ya twiga."

"Twiga ni sawa," akasema. "Endelea."

Nikaendelea. Nilisema yote, kiungo kinachotumiwa na kisichotumiwa, mzazi na mtoto, shingo ya kwanza na ya pili. Nikachora twiga kwa kijiti kwenye vumbi. Halafu, kwa sababu nilitaka waone nimeelewa kuliko mwalimu, nikaongeza ya kwangu. Nikasema meno ya Kogo yaling'olewa, na ya mama yake, na ya nyanya yake, kwa hivyo huenda hatimaye mwili umekubali, ukaacha kuyaotesha. Nikamwelekezea mdogo wangu kidole. Nilimwelekezea kidole mtoto wa miaka minane mbele ya watu kama vile yeye ndiye picha ya kitabuni!

Mama alisema, "Wacha maneno." Baba alikuwa ameshageuka. Alikuwa akitazama masikio ya Kogo.

"Sasa unaona, Mama," alimwambia Kogo, kwa upole ambao sikuwa nimewahi kuusikia. "Si mimi nasema. Ni sayansi. Yameshafika kwa mtoto. Na kuna mwingine anakuja."

Ngoja nikuambie kitu. Hata kama yule Mfaransa angekuwa amesema kweli tupu, Baba mwenyewe alikuwa ameshazaliwa! Sisi sote tulikuwa tumeshazaliwa. Kukata sikio la mwanamke wa miaka sabini na kitu kungemzuiaje mtoto aliye tumboni mwa mke wa mwanawe kurithi chochote? Mtu mwenye akili zake timamu angeliona hilo kabla chai haijapoa. Lakini Baba hakuwa anatafuta kuelewa. Alikuwa anatafuta panga, na mimi nilikuwa nimemletea, tena limenolewa.

Kogo alicheka kwanza. Alicheka mpaka lile pengo lake likaonekana lote. "Huyu," akasema akimwelekezea Baba kibuyu, "mtoto akizaliwa tukaita majina ya waliokufa ili tujue nani amerudi ndani ya mtoto, alisema hiyo ni kazi ya shetani. Alitufukuza mimi na wanawake wenzangu nyumbani kwake. Leo mzungu amesema sikio linarudi, yeye anaamini." Baba alikunja uso, akamaliza chai, akatoka. Nilidhani yameisha.

Hayakuisha. Kesho yake tukiwa kwenye chai Kogo akasimama katikati ya mistari, kapu mgongoni, akaniita. Hakuwa anacheka.

"Wewe ndiye unayesoma," akasema. "Hiyo maneno ya jana ni kweli?"

"Ni kweli, Kogo. Mwalimu ameandika ubaoni."

"Huyu mdogo, meno yake yamekataa kwa sababu ya mimi?"

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi na halina gharama. Nikasema, "Inawezekana."

Aliendelea kuchuma. Alichuma mstari mzima, majani mawili na chipukizi. Jioni alimwita mdogo wangu, akampanua mdomo, akapitisha kidole gumba juu ya ufizi pole pole, kama mtu anayetafuta mwiba. Kisha akamwambia Baba kwamba meno hawezi kuyarudisha, lakini masikio akakatwe. Daktari wa masikio pale misheni alipokea watu siku ya Alhamisi. Baba akapanga Alhamisi ya wiki ya tatu.

Jumanne iliyofuata mwalimu hakuja. Alikuwa na shughuli zake mjini. Tulikaa vipindi viwili tukichokozana, na twiga wawili bado wako ubaoni kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwafuta. Naomba mtu anieleze ni kazi gani nyingine duniani unaweza kuiacha nusu hivyo. Fundi akiacha nyumba bila paa, si watu wanaiona? Lakini mwalimu akikuachia kichwa bila paa unatembea nacho barabarani, unasalimia watu, unatoa mashauri.

Jumanne ya pili alikuja. Alipiga kelele kidogo juu ya nidhamu, akafuta twiga, akageuka. "Sasa. Yule Mfaransa alikosea."

Alilisema hivi hivi, kama mtu anayesema mvua imekatika.

Akaeleza kwamba baadaye Mjerumani mmoja alikata mikia ya panya. Walipozaa wale panya wasio na mikia, watoto walizaliwa na mikia kamili. Akawakata na hao. Wajukuu wakazaliwa na mikia. Kizazi baada ya kizazi alikata, na panya hawakuacha kuzaliwa na mikia. Kwa hivyo kovu la mzazi halifiki kwa mtoto. Kinachofika ni kile mzazi alichozaliwa nacho. Kisha akaanza kusimulia habari za Mwingereza mmoja mwenye ndevu, aliyesema twiga walizaliwa na shingo mbalimbali, na wakati wa njaa wenye shingo fupi wakafa, wenye shingo ndefu wakabaki na kuzaa. Hapo sikuwa nasikia tena. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Nilisimama bila kuinua mkono.

"Mwalimu, nyanya zetu waling'olewa meno."

"Nani amekuruhusu kusimama?"

"Nyanya zetu, na nyanya za nyanya zetu. Wote. Na sisi hapa tuna meno. Angalia darasa lote. Masikio pia, sisi wote tumezaliwa na masikio madogo. Ndama wako unawachoma pembe na chuma, si wanaozaliwa bado huota pembe? Chai tunaikata kichwa tangu wazungu walipoipanda, lakini mbegu ukiiacha peke yake inakuwa mti. Mwalimu, si sisi tumejua hii kitu kabla ya huyo Mjerumani?"

Namkumbuka mwalimu vizuri, amesimama na kifutio mkononi. Alikuwa mtoto wa hapa. Baba yake nilimfahamu, mzee mwenye pengo chini kama la Kogo, na mwalimu mwenyewe alikuwa na meno meupe yaliyojaa mdomo. Jambo lilikuwa mdomoni mwake miaka yote, na bado alihitaji panya wa Ulaya kumweleza.

"Ni kweli," alisema. "Lakini hiyo haiko kwa silabasi. Kwa mtihani andika panya. Mtahini hamjui nyanya yako."

Nilikaa. Nilimchukia mtu huyo kwa chuki ambayo sijaimaliza hata sasa. Wiki mbili! Kwa sababu ya ng'ombe wake aliacha uongo umesimama ubaoni wiki mbili, na alijua ni uongo alipokuwa akiuchora.

Sasa nimemfikia yule mtu wa tatu.

Kutoka shuleni hadi kwetu ulikuwa mwendo wa kama saa moja, njia yote katikati ya chai. Nilianza kwa kukimbia. Nilikuwa nakwenda kumwambia Kogo, asikatwe, si kweli, niliambiwa nusu. Nilikimbia hadi kituo cha kununulia majani. Hapo nikaanza kutembea. Nilipofika kwenye daraja nilikuwa natembea pole pole sana.

Mwaka uliotangulia, siku ya zawadi, Kogo ndiye aliyekuja shuleni kwa niaba ya wazazi wangu. Alikaa mstari wa mbele, kikopo cha ugoro sikioni, akapiga vigelegele jina langu liliposomwa. Wasichana wa darasa langu walicheka hadi wakalala chini. Mmoja aliniuliza kama nyanya yangu anaweza kunibebea mkoba kwenye sikio. Mwingine alifunga soksi zake masikioni akapita akichechemea, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka pamoja nao ili wasijue nimeumia. Siku ya zawadi ya mwaka huo ilikuwa imebaki mwezi mmoja na kidogo. Kogo alikuwa ameshasema atakuja.

Kwa hivyo nilipofika nyumbani siku hiyo sikusema kitu. Nilichukua kuni, nikawasha moto. Jumatano asubuhi tulichuma pamoja, na sikusema kitu. Jioni Kogo aliosha masikio yake kwa maji ya moto, akayapaka mafuta, ndewe moja kwa wakati, akizipitisha katikati ya vidole. Nilikuwa nimekaa mbele yake namenya viazi.

"Mwalimu wenu amesharudi?" aliuliza.

"Amerudi."

"Amesema nini?"

Nilimenya kiazi kizima kabla ya kujibu. "Amesema yale yale."

Siwezi kuwasingizia mwalimu au Baba au kanisa hapo. Hakuna aliyenishika ulimi. Nilijua kweli siku nzima na usiku wake, nilikuwa nayo mdomoni, nikaimeza kwa sababu ya wasichana ambao leo hata majina yao siyakumbuki.

Alhamisi Baba aliniambia nikose shule nimpeleke Kogo, kwa sababu daktari hakujua Kikipsigis, lugha yetu, na Kogo hakujua Kiswahili cha kutosha. Kwa hivyo ni mimi niliyekuwa mkalimani. Daktari alikuwa mtu mpole. Aliuliza kama Kogo anajua kwamba sikio likishakatwa halirudi. Nikamfasiria. Kogo akasema anajua. Daktari akauliza kwa nini anataka kukatwa. Kogo akatoa maelezo marefu, ya mdogo wangu, ya ufizi, ya mtoto anayekuja, ya kitabu. Daktari akanigeukia kusubiri. Nilijua wazi kwamba nikiyafasiri hayo maneno yalivyo, daktari yule ataweka mkasi chini, acheke, aseme, nani amewadanganya hivi?

"Anasema ni mambo ya kanisa," nikamwambia.

Akaingia naye. Nilikaa kwenye benchi. Kogo alipotoka alikuwa na bandeji pande zote mbili na uso umekuwa mdogo. Kitu cha kwanza alichoniambia nimuulize muuguzi ni nyama yake iko wapi. Alitaka kwenda nayo akaifukie nyumbani. Muuguzi alisema imeshatupwa shimoni pamoja na takataka nyingine za siku. Nilipomwambia, Kogo aliitikia kwa kichwa tu. Tukaenda kusubiri gari.

Vidonda vilipona vizuri. Kazi ilikuwa safi, nitakuwa mwongo nikisema vingine. Lakini mkono wake haukupona. Tukiwa kwenye chai alitoa kikopo, akanusa, na mkono ukapanda kukiweka mahali pake, ukakiachilia. Kikaanguka. Aliinama akakiokota kati ya mashina. Baada ya muda kikaanguka tena. Ilikuwa hivyo majuma na majuma, na kila kilipoanguka mimi niligeuza uso nikajifanya nahesabu chipukizi. Mwishowe alishona mfuko ndani ya gauni.

Kanisa lilifunguliwa. Baba alisimama mbele na koti jipya, mama yake pembeni, na watu wakamsifu. Mtoto alizaliwa mwezi uliofuata, msichana, na masikio yake yalikuwa madogo kama ya watoto wote wa dunia hii. Unajua Baba alisema nini? Alimwinua mtoto mbele ya wageni akasema, "Si mnaona?" Ati tunaona! Kana kwamba sisi wengine tulizaliwa tukiburura masikio chini! Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maziwa, na nikachapwa kwa ajili ya ndoo hiyo, na hakuna aliyeniuliza nina nini.

Na siku ya zawadi? Kogo alikuja kama alivyoahidi. Alikuja amejifunga kitambaa cha kichwa kikubwa cha maua, amekivuta hadi chini ya kidevu, kwa sababu aliona haya. Masikio hayakuonekana kabisa, yawe ya zamani au mapya. Nilipomwona akiingia langoni nilihisi mtu amenipiga kofi. Kitambaa! Kumbe ilikuwa ni kitambaa tu. Ningemwomba afunge kitambaa siku moja, angenifungia, angefunga hata gunia kwa ajili yangu. Alikaa nyuma. Jina langu liliposomwa hakupiga vigelegele.

Katika mtihani wa mwisho lile swali lilikuja, kama mwalimu alivyotabiri. Niliandika panya. Nilipata alama nzuri sana ya biolojia.

Mwaka uliofuata nilikuwa nyumbani nikisubiri kuitwa chuo cha ualimu. Asubuhi moja mdogo wangu alikuja mbio kutoka nyumba kubwa, mdomo wazi, kidole ndani yake. Alimpita Mama, akanipita mimi, akaenda moja kwa moja kwa Kogo aliyekuwa ameketi juani akichambua maharagwe. Kogo akaweka ungo chini. Akampanua mdomo, akapitisha kidole gumba juu ya ufizi. Mimi nilikuwa karibu, niliona. Meno mawili yalikuwa yamechomoza, moja limekaa upande, lakini yalikuwa meno. Yalikuwa yamechelewa tu. Watoto wengine huchelewa.

Kogo alimwambia mtoto aende akamwonyeshe mama yake. Halafu akanitazama mimi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Yale ya kitabu hayakuwa kweli," alisema.

"Hayakuwa kweli, Kogo."

"Mwalimu alikosea?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ningebaki mjukuu wake. Lakini nilikuwa nimechoka kumbebesha mwalimu mzigo wangu. Nilimwambia yote. Nilimwambia habari za panya. Nilimwambia kwamba somo lilikuwa na nusu ya pili, na kwamba nusu hiyo mwalimu aliifundisha.

Alisikiliza huku akiokota mawe kwenye maharagwe. "Aliifundisha lini?"

"Jumanne."

"Jumanne gani?"

"Ile Jumanne."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu, kidole gumba kikigusa vidole vingine kimoja kimoja. "Na mimi nilienda Alhamisi," akasema.

Hakuongeza neno, wala siku hiyo wala nyingine. Hakumwambia Baba. Aliendelea kunipakulia chakula, kunisalimia asubuhi, kunilaumu nikiunguza maziwa. Lakini tangu siku hiyo karatasi yoyote iliyoingia nyumbani, iwe ya dawa au ya kanisa au ya kituo cha majani, hakunipa mimi tena kama zamani, alimwita mdogo wangu amsomee. Mtoto alikuwa darasa la tatu. Alisoma silabi kwa silabi, akikwama kwenye maneno marefu, akirudia mara nne tano, na Kogo akimngoja, na mimi nimekaa pale pale.